Turubai lisilo na mgongo ni beseni: kuhifadhi na kufunika boti gatini, ziwani

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua boti ya wazi ya mita 6 yenye upana wa mita 2.2. Uso wake unaotazama mbingu ni kama mita 12 za mraba, kwa hiyo mvua ya usiku mmoja ya milimita 50 inaitia lita 600. Hizo ni kilo 600, sawa na watu wazima wanane waliokaa ndani na kukataa kushuka. Tena wote wamekaa tezi, yaani nyuma ya boti, kwa sababu maji hukimbilia palipo chini, na injini imeshaushusha upande huo. Ukingo wa nyuma ukifika usawa wa ziwa, wimbi dogo tu linamalizia kazi.

Ndiyo maana tunafunika. Lakini turubai lililotandazwa vibaya linaniuma kuliko boti iliyoachwa wazi, kwa sababu mwenye boti analala akijua amefunika. Boti ya wazi yenye pampu nzima angalau maji yake yanashuka kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, na kutolewa. Maji yaliyotuama juu ya turubai hakuna pampu inayoyafikia.

Ninayoandika hapa yanahusu boti ndogo za mita 4 hadi 8, za faiba, alumini au mbao, zinazokaa kwenye gati la mtu binafsi ziwani. Gati la aina hiyo halina mlinzi wa zamu wala fundi wa karibu. Boti inaweza kukaa wiki mbili bila kutazamwa, kwa hiyo kila kitu kipangwe kwa kuhesabu siku hizo 14 na si kwa kuhesabu kesho.

Jinsi maji yanavyotuama

Kitambaa kilichovutwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine bila kitu katikati hakibaki kimenyooka, hata ukikaze namna gani. Kikilowa kinalegea kidogo na kubonyea. Matone yanafuata kile kibonyeo. Kibonyeo chenye upana wa mita 1 na kina cha sentimita 10 kinabeba lita 40 hivi. Kilo 40 hizo zinavuta kitambaa zaidi, na kibonyeo kikifika upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 20 kinabeba lita 180. Maji yameongezeka zaidi ya mara nne, wakati ukitazama kwa macho kibonyeo hakijabadilika sana. Kuanzia hapo mambo ni mawili. Ama mshono unaachia na maji yote yanamwagika ndani kwa mkupuo, ama mshono unashika na boti inaanza kulala ubavu. Hilo la pili ndilo baya zaidi, maana mzigo uko juu, ni wa majimaji, na kila boti inapoinama nao unakimbilia upande ule ule.

Dawa ni mgongo, kama wa paa la nyumba, unaopita katikati kutoka omo (mbele) hadi tezi. Kipimo ninachokiamini ni hiki: kwa kila sentimita 2 kutoka katikati kwenda ukingoni, mgongo uinuke sentimita 1. Boti yenye upana wa mita 2.2 ina mita 1.1 kila upande, kwa hiyo mgongo unatakiwa kuwa sentimita 55 juu ya kingo. Wengi huweka sentimita 20 kwa sababu inapendeza machoni na haishiki upepo. Upepo utashughulikiwa kwa mikanda, lakini mteremko haufidiwi na kitu kingine.

Namna rahisi ya kuupata ni nguzo za alumini za kurefushwa, moja kila mita 1.2, na juu yake mkanda mpana wa poliesta uliofungwa omo, ukapita kwenye kichwa cha kila nguzo, ukafungwa tezi na kukazwa. Mkanda ndio mgongo wenyewe; nguzo zinaushikilia tu. Ukiweka nguzo bila mkanda unapata vilele vitatu na mabonde mawili kati yake, na kila bonde ni beseni.

Kitako cha nguzo kisikae moja kwa moja kwenye sakafu ya faiba wala kwenye kiti. Weka kipande cha ubao wa sentimita 20 kwa 20, chenye kapeti chini. Maji yakijaa juu, nguzo nyembamba isiyo na ubao hutoboa kiti kama sindano. Kichwa cha nguzo nacho kiwe cha mviringo. Mpira wa tenisi uliokatwa tundu unatosha, na mahali unapogusa turubai pashonwe kiraka cha kitambaa cha pili, kwani hapo ndipo kitambaa kinaposuguliwa kila boti inapotikisika, mchana na usiku.

Ukitaka kiunzi cha kudumu zaidi, kunja mabomba ya alumini ya milimita 25 yawe kama mbavu na uyafunge kwa bomba moja la juu linalopita kati. Mabomba ya plastiki ya maji watu huyapenda kwa sababu yanakunjika kwa mkono, lakini kwenye jua kali yanalainika na kulegea. Ukiyatumia, chagua ya milimita 32 na usogeze mbavu ziwe sentimita 80 moja hadi nyingine.

Ukimaliza, usingoje mvua ikupe majibu. Mwaga ndoo mbili za maji juu kabisa ya mgongo, upande wa omo, halafu upande wa tezi. Maji yote yaondoke ndani ya nusu dakika. Likibaki dimbwi hata la ukubwa wa sahani, ongeza nguzo hapo. Sahani ya leo ndiyo lita 40 za masika.

Kitambaa

Kuna turubai la polithini, lile jepesi linalong'aa. Linafaa kufunika mchanga kwa mwezi mmoja. Jua linalivunja, linaanza kudondosha vipande vyembamba vinavyoziba pampu ya ngama, na halipitishi hewa hata kidogo. Sina ushauri juu yake ila kulikwepa.

PVC nzito, yaani turubai la plastiki, ya gramu 600 hivi kwa mita ya mraba, haipitishi maji hata tone, na inastahimili kuvutwa. Ubaya wake ni huo huo wa kutopitisha: unyevu unaotoka ndani ya boti unapanda, unagonga upande wa chini wa turubai uliopozwa na usiku, unarudi kama matone. Baada ya mwezi viti vimefanya kuvu na boti inanuka, na mwenyewe anaapa kwamba turubai linavuja. Halivuji. PVC inafaa kama una matundu ya hewa ya kutosha.

Akriliki iliyotiwa rangi ndani ya uzi kabla ya kufumwa, ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa boti inayokaa juani mwaka mzima. Inapitisha hewa, na rangi yake haipauki haraka kwa kuwa imeingia hadi kiini cha uzi. Haivumilii kusuguliwa, kwa hiyo kila pembe ya kioo na kila chuma chenye ncha viwekewe kiraka. Poliesta ni ngumu zaidi kwa msuguano na hainyooki sana, ila jua huila mapema kuliko akriliki. Turubai la pamba ni zuri kwa namna yake, nyuzi zake huvimba zikilowa na kujiziba, lakini likikunjwa likiwa bichi linaoza.

Sasa angalia uzi wa kushonea, maana mara nyingi kitambaa ni kizima na mishono imekufa. Uzi wa poliesta hukaa juu ya kitambaa, ukilipokea jua peke yake. Pitisha ukucha chini ya mshono mmoja wa juu, ule unaotazama jua la mchana, uuvute. Uzi mzima unakataa na kukuumiza ukucha. Uzi uliooza unakatika kwa sauti ndogo kavu, na ukivuta tena unakatika tena, mshono baada ya mshono. Ukikuta hivyo, lipeleke turubai likashonwe upya kabla ya upepo kulifungua. Uzi wa PTFE, aina ya plastiki, ni ghali, lakini jua haliuli, na kwa kawaida unadumu kuliko kitambaa chenyewe.

Kusafisha: sabuni laini na maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 38, brashi laini, suuza sana, kausha likiwa limetandazwa. Mashine ya maji ya kasi inang'oa dawa ya kuzuia maji. Kwa kuvu kwenye akriliki ya aina niliyoitaja, changanya mililita 240 za dawa ya klorini ya kufulia na mililita 60 za sabuni laini kwenye lita 4 za maji, acha dakika 15, sugua, suuza hadi harufu iishe. Usiitumie kwenye poliesta yenye utandu, utaharibu utandu na rangi. Baada ya hapo maji yakiacha kusimama kama shanga juu ya kitambaa na kuanza kunywewa, ni wakati wa kupaka upya dawa ya kuzuia maji.

Kulifunga ili upepo usilichukue

Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake. Upepo ukienda mara mbili, unasukuma mara nne. Turubai haliuawi na kusukumwa bali na kupigapiga, kwa hiyo kusiwe na mahali palipolegea.

Pindo la turubai lipite chini ya kingo angalau sentimita 15, likiwa na kamba ndani yake ya kulikusanya. Kisha mikanda ya kupita chini ya boti, mmoja kila sentimita 80 au 90. Kwenye boti inayoelea, mikanda ya kupita chini inashika ukoko wa majani ya majini na ni tabu kuipitisha, hivyo ninapendelea mizigo: mifuko midogo ya kilo 2 kila mmoja, ya mchanga au ya maji, ikining'inia pindoni kila mita moja. Mzigo unapanda na kushuka pamoja na boti, unalivuta turubai daima, wala haukatiki upepo unaposhtuka. Usitie mawe makali karibu na rangi.

Kosa moja hulirarua turubai hata kama ni jipya: kulifungia kwenye gati. Boti inacheza, gati halichezi. Wimbi la kwanza kubwa litachana pembe. Turubai hufungwa kwenye boti, na boti ndiyo hufungwa kwenye gati.

Boti iwekwe omo ikielekea upande wa joshi, yaani upepo unakotoka mara nyingi, na turubai lianze kuvalishwa omo. Upepo ukipitia tezi unaingia chini ya pindo na kuinua turubai zima. Na kabla ya kulivalisha, osha boti na uikaushe. Chembe moja ya mchanga iliyobaki kati ya mkanda na jelikoti (tabaka la nje linalong'aa la faiba) inafanya kazi ya msasa. Ukifunua baada ya miezi mitatu utakuta mstari mweupe wenye upana wa mkanda, na huo hauondoki kwa nta, unang'arishwa kwa mashine au unabaki. Weka kitambaa laini chini ya kila mkanda.

Hewa: matundu mawili, moja chini upande wa omo na jingine juu karibu na tezi, yenye kofia zinazotazama chini na wavu wa kuzuia nyigu na ndege. Moja halitoshi, hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Ndani acha makabati wazi, simamisha mito ya viti au bora uitoe kabisa, maboya ya kujiokolea yaning'inizwe yakiwa makavu. Kuvu haihitaji dimbwi, unyevu wa kitambaa kibichi unaitosha.

Kamba, na ziwa linalopanda na kushuka

Watu husema ziwani hakuna kupwa na kujaa, basi kamba fupi inatosha. Si kweli. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa msimu, na upepo wa kudumu huyasukuma yakarundikana upande mmoja. Katika Ziwa Erie, kati ya Marekani na Kanada, upepo mkali wa kusini-magharibi huweza kuyapandisha maji upande wa Buffalo kwa zaidi ya mita 2. Ziwa lako linaweza kuwa pole zaidi, lakini kwenye gati lisiloelea hata sentimita 40 zinatosha kuleta balaa. Maji yakishuka, boti inaning'inia kwa kamba. Yakipanda, ukingo unanaswa chini ya ubao wa gati, na kila wimbi linaushindilia chini zaidi. Gati linaloelea linaondoa shida yote hii, na kama bado unajenga, jenga hilo.

Kamba ziwe nne kwa uchache: ya omo, ya tezi, na mbili za mshazari, moja ikitoka omo kurudi nyuma na nyingine ikitoka tezi kwenda mbele. Hizo za mshazari ndizo zinazozuia boti isisafiri mbele na nyuma, na kwa kuwa ni ndefu zinavumilia kupanda na kushuka kwa maji bila kukaza. Nailoni ya milimita 10 inatosha boti ya hadi mita 7, ya milimita 12 kwa mita 8. Nailoni inanyooka, na kunyooka huko ndiko kunakookoa vyuma vya kufungia visinyofolewe. Polipropilini inayoelea ni rahisi na ina rangi nzuri, lakini jua huikausha hadi inadondosha nywele. Kila kamba inapopinda juu ya ukingo, ivishe kipande cha mpira wa bomba au turubai lililokunjwa. Kamba haikatiki katikati, hukatika hapo.

Dafrao, yaani maboya ya kuzuia boti isigonge gati, ziwe tatu au zaidi upande wa gati, zenye kipenyo cha sentimita 10 kwa boti ya mita 6, na zifungwe zikigusa gati na si maji. Turubai lisipite juu yake. Zining'inizwe nje ya pindo, la sivyo zinalisugua hadi litoboke.

Ngama, pampu na betri

Pampu iliyoandikwa lita 1,900 kwa saa haitoi lita 1,900. Ikipandisha maji mita 1 kwa betri iliyoanza kuchoka, ondoa theluthi moja. Bado lita 600 za mvua inazimaliza kwa nusu saa, ikitumia umeme kidogo sana. Kwa hiyo mvua haiishindi pampu. Kinachoishinda ni jani lililokwama kwenye swichi ya boya (ile inayoiwasha pampu maji yakipanda), au tundu dogo lisiloonekana.

Tazama hilo tundu. Lina milimita 5, liko sentimita 30 chini ya usawa wa maji. Linapitisha lita 100 hivi kwa saa, yaani lita 2,400 kwa siku. Pampu inayotoa lita 1,250 inafanya kazi dakika 5 kila saa, inakula ampia-saa (kipimo cha umeme wa betri) 5 hivi kwa siku. Betri ya ampia-saa 100, ambayo usingependa kuishusha chini ya nusu, ina siku 10 kabla ya kufika hapo. Wiki nzima ukipita unaona boti inaelea vizuri, na pampu inatema maji kidogo kama kawaida yake. Kama betri ilishaanza kuchoka, siku ya 14 unakuta kamba zimenyooka kwenda chini.

Paneli ya jua ya wati 20 yenye kidhibiti chake inarudisha kama ampia-saa 5 kwa siku ya jua zuri, kwa hiyo inalibeba tundu kama hilo kwa shida. Ifunge juu ya gati au juu ya mgongo wa turubai, na waya upite kwenye tundu lenye kofia. Pampu iunganishwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi, isipitie swichi kuu, ili ukizima vyote yenyewe ibaki hai. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7 ikiwa imetulia. Ikisoma 12.4 ichaji, na kwenye 12.2 imeshafika nusu.

Kila ukipita, inua boya la swichi kwa kidole usikie pampu ikilia. Kisha ujue maji yanatoka wapi. Kausha ngama kwa tambara, bandika utepe mahali maji yalipokuwa, na urudi baada ya siku mbili tatu zisizo na mvua. Kama maji yamerudi, shida iko chini: mpira wa nguruzi (kizibo cha tundu la kutolea maji), shimo lililotobolewa kupitisha bomba, riveti ya alumini iliyolegea, au mshono wa mbao unaotaka kalafati, yaani kuzibwa upya. Kama hayakurudi, ni turubai.

Ukitaka umeme wa waya gatini kwa ajili ya chaja au lifti ya kuinulia boti, uwe na swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja kwa miliampia 30 au chini yake, na ijaribiwe kila mwezi kwa kitufe chake. Hili nalisema kwa uzito wote. Maji ya ziwa yasiyo na chumvi hayapitishi umeme vizuri, mwili wa binadamu unapitisha vizuri zaidi, kwa hiyo umeme uliovuja majini hupita kwenye mwili wa mwogeleaji. Misuli inakakamaa, anazama kimya. Asiogelee mtu wala mtoto karibu na gati lenye umeme, hata kama mafundi wameapa kwamba liko salama.

Kuitoa majini

Faiba ikikaa muda mrefu kwenye maji baridi ya ziwa hupata malengelenge kwa urahisi kuliko kwenye maji ya bahari, kwa sababu maji yasiyo na chumvi yanapenya zaidi kwenye jelikoti. Mbao nazo huozeshwa na maji ya mvua, siyo ya bahari. Anodi za zinki, vipande vya chuma vinavyoliwa na kutu badala ya vyuma vya boti, zinazofaa baharini, ziwani hujifunika ukoko na kuacha kufanya kazi. Ziwani huwekwa za magnesi. Kwa hiyo kama boti haitumiki kwa zaidi ya wiki tatu, lifti au reli ya kuipandisha nchi kavu inastahili gharama yake.

Uwezo wa lifti hauhesabiwi kwa uzito wa boti ulioandikwa kwenye kitabu. Jumlisha injini, betri za kilo 25 hadi 30 kila moja, mafuta kwa kilo 0.74 kwa lita ya petroli, nanga, vifaa, kisha ongeza robo. Mbao za kukalizia boti zivishwe kapeti, na kama boti ni ya alumini hakikisha mbao hazijatiwa dawa yenye shaba, maana shaba iliyolowa hutafuna alumini hadi itoboke. Waya wa kuinulia upapase ukiwa umevaa glavu nene au umeshika tambara. Nyuzi zilizokatika hunasa tambara kabla macho hayajaziona, na waya ulionasa tambara hubadilishwa siku hiyo hiyo.

Inua boti hadi wimbi kubwa la kawaida lipite chini bila kuigusa, tezi ikiwa chini kidogo kuliko omo. Chomoa nguruzi. Boti iliyo kwenye lifti ikiwa na nguruzi ndani yake, turubai likishindwa, inajaa na kuvunja lifti. Injini ya nyuma ishushwe isimame wima ili maji yaliyo ndani yatoke yote, hasa panapoganda, kwani maji yakiwa barafu hutanuka kwa asilimia 9 na kupasua chuma. Ikiwa boti inabaki inaelea ni kinyume: injini inuliwe propela itoke majini.

Dhoruba kubwa ikitangazwa, lifti si mahali salama. Maji yakipanda boti inaelea juu yake na kugongwa na vyuma. Ipeleke nchi kavu, na turubai livuliwe kabisa likunjwe ndani.

Siku ya kuifunua, fungua tezi kwanza, uache mvuke wa petroli utoke. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hujikusanya ngamani, na turubai linauzuia humo. Kama injini iko ndani ya boti, washa feni ya kutoa hewa dakika 4 kamili kabla ya kugusa ufunguo, na usiwashe injini turubai likiwa bado juu. Ufunguo wenyewe uwe umefungwa pamoja na nguruzi kwa kamba moja tangu siku uliyoichomoa, ili usiweze kushika mmoja bila mwingine. Nguruzi irudishwe, ikazwe, ipanguswe ikauke, ndipo boti ishuke. Ikigusa maji, simamisha lifti hapo, angalia ngama kwa dakika tano, kisha uishushe yote.